UZI: Kusafiri na bastola jimbo hadi jimbo Marekani, kibali chako kinaishia wapi?

#1 Kisiki_DFW

Wakuu, salaam. Naleta swali la njia, naomba majibu ya walioisoma sheria. Majibu ya kijiweni tuyaache kando.

Kibali: LTC ya Texas (leseni ya jimbo ya kubeba bastola), bado hai. Hadhi: raia. Bastola: 9 mm, magazini mbili za risasi 15. Gari: SUV, nyuma kumeungana na viti, hakuna buti la peke yake. Safari: Dallas hadi Lowell, Massachusetts, kwenye harusi. Njia: I-30 hadi Little Rock, I-40 kupita Memphis, Nashville na Knoxville, halafu I-81 hadi karibu na Scranton, halafu I-84 hadi Sturbridge, na kutoka hapo Lowell.

Maswali mawili. Wapi naweza kuwa nayo kiunoni, na wapi lazima iingie kwenye kasha? Na ile sheria ya shirikisho ya kupita kwenye majimbo inanilinda mwanzo hadi mwisho?

---

#2 MzeeTrela

Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja barabara. Wengi huuliza "kibali cha Texas kinafanya kazi wapi?", wanapewa ramani ya rangi, wanaitazama mahali wanapokwenda na kusahau wanapopita. Sheria inayokuhusu ni ya ardhi iliyo chini ya matairi yako saa hiyo. Hakuna kibali cha nchi nzima.

Twende jimbo kwa jimbo.

Arkansas, Tennessee na West Virginia: mtu mzima asiyekatazwa na sheria kumiliki silaha anabeba kwa kificho hata bila kibali. Ukiwa na miaka 21 na zaidi hapo huna neno, na LTC yako inakuongezea usalama tu.

Virginia: hapa kibali kinahitajika. "Texas siku hizi hatuhitaji kibali" haisaidii ukishavuka Bristol, maana ruhusa ya kubeba bila kibali inaishia mpakani mwa Texas. LTC uwe nayo mfukoni pamoja na kitambulisho chenye picha. Na kwa kuwa mabunge ya majimbo hubadilisha mambo haya kila mwaka, fungua tovuti ya polisi wa jimbo la Virginia wiki ya safari. Usitegemee ya mwaka jana. I-81 ndani ya Virginia ni zaidi ya maili 320, kwa hiyo siyo jimbo la kubahatisha.

Maryland: hapa ndipo wengi hunasa. I-81 inakata Maryland maili 12 tu, pale Hagerstown. Dakika kumi na kidogo. Maryland haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Umetoka West Virginia ukiwa halali kabisa, unavuka mto Potomac, na bastola ileile kiunoni imekuwa kosa la jinai. Kwa hiyo kasha lifungwe kabla ya mto. Simama West Virginia, kwa mfano Martinsburg, ufanye kazi hiyo kwa utulivu.

Pennsylvania: inatambua baadhi ya majimbo, na orodha iko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Isome mwenyewe. Ila kwa njia yako sioni faida ya kuitoa kasha Pennsylvania halafu uirudishe Port Jervis, mpakani mwa New York. Ikishafungwa Martinsburg, ibaki imefungwa.

New York, Connecticut, Massachusetts: LTC yako huko ni karatasi tu.

Hilo la pili, la sheria ya shirikisho, lina kigingi. Namwachia Nyundo, ndiye mwenyewe wa vifungu.

---

#3 PopoBawa

Sasa jamani, leseni yangu ya udereva ya Texas inatambulika majimbo yote 50. Cheti cha ndoa hivyohivyo. Iweje haki iliyoandikwa kwenye katiba iishie mtoni? Na si Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua 2022?

---

#4 Nyundo

PopoBawa, hoja yako wanaitoa hata wabunge wao, ila siyo sheria bado. Leseni ya udereva inatambulika kwa sababu majimbo yenyewe yalikubaliana. Kwenye bastola hayajakubaliana. Muswada wa kuyalazimisha ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2017 ukafia Seneti, na umerudishwa tena baadaye. Usiendeshe gari kwa muswada.

Uamuzi wa Juni 2022, kesi ya Bruen, uliondoa sharti la New York kwamba mwombaji athibitishe ana sababu maalumu ya kutaka kibali. Haukufuta vibali, wala haukuamuru jimbo moja litambue kibali cha jingine. Kilichofuata ni kwamba New York, New Jersey, Maryland na California sasa hutoa vibali kwa watu wa kawaida zaidi kuliko zamani, lakini wakati huohuo New York na New Jersey ziliongeza orodha ndefu ya maeneo yaliyokatazwa hata kwa mwenye kibali chao.

Kisiki, sasa swali lako la pili. Sheria unayoitaja ni ya 1986, kifungu cha 926A. Watu huikariri nusu. Inasema unaweza kusafirisha silaha kupita jimbo lolote ikiwa unatoka mahali unaporuhusiwa kuimiliki na kuibeba, na unakwenda mahali unaporuhusiwa kuimiliki na kuibeba. Ncha zote mbili. Katikati, iwe haina risasi, na bastola wala risasi zisifikike kwa mkono kutoka kwenye viti. Kama gari halina buti lililotengwa, viwe ndani ya kasha lenye kufuli, na sheria inataja wazi kwamba droo ya dashibodi na kile kiboksi cha katikati ya viti havihesabiki kuwa kasha, hata vikiwa na kufuli.

Ncha yako ya kwanza ni Dallas, sawa. Ncha ya pili ni Lowell. Massachusetts inataka leseni hata ya kuwa na bastola na risasi, na LTC ya Texas siyo leseni yao. Maana yake 926A haikulindi kabisa katika safari hii. Haikulindi Massachusetts, na kwa kuwa safari yenyewe mwisho wake haukidhi sharti, haikulindi New York, Connecticut wala zile maili 12 za Maryland. Kufunga kasha vizuri hakuponyi hilo. Na kubeba bila leseni nje ya nyumba yako au sehemu yako ya kazi huko Massachusetts kuna kifungo cha lazima kisichopungua miezi 18.

Njia halali ni tatu. Iache Dallas. Au omba leseni ya Massachusetts ya asiye mkazi mapema sana kabla ya safari, na uandae makaratasi ya kutosha. Au mwisho wa safari ya bastola uwe jimbo linaloruhusu. New Hampshire, kwa mfano, tangu 2017 haidai kibali, na Nashua haiko mbali na Lowell. Lakini hapo bastola inalala Nashua. Haiendi ukumbini, hata "ndani ya gari tu".

Kwa harusi ya siku mbili, mimi ningesema iache.

---

#5 Lubumbashi207

Ndugu Nyundo, asante kwa kufafanua. Huku Maine, Portland na Lewiston, tuko Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wengi, na watu wanatoka Kentucky au Ohio kuja kuona jamaa. Kwao hiyo ya ncha mbili inasimama vizuri: Maine haidai kibali tangu 2015 kwa mwenye miaka 21, basi anayetoka Louisville hadi Lewiston anaweza kupita New York na Massachusetts kwa 926A akifunga inavyotakiwa.

Niongeze mambo mawili. La kwanza, Maine ukibeba bila kibali na polisi akakusimamisha, ni lazima umwambie palepale kwamba una silaha, bila kungoja akuulize. Mgeni hajui hilo. La pili nauliza: kama njiani gari linaharibika Massachusetts, mtu anafanya nini?

---

#6 Nyundo

Kusimama kwa mafuta, choo na chakula ni sehemu ya safari, ilimradi kasha halifunguliwi wala halitoki. Hatari inaanza pale safari inapokatika: unalala hotelini, unakaa siku mbili kwa shemeji, unaingiza kasha chumbani. Hapo polisi anaweza kusema huipitishi tena, umeileta.

Kuna hukumu ya 2010 ya mahakama ya rufaa ya shirikisho kuhusu uwanja wa ndege wa Newark ambayo kila msafiri aielewe. Msafiri wa Utah alikuwa anakwenda Pennsylvania, bastola yake imetangazwa na kufungwa vizuri kwenye mzigo wa chini. Ndege ya kuunganisha ikamponyoka, akapewa sanduku lake, akalala nalo hotelini New Jersey. Asubuhi anaripoti tena uwanjani na kuitangaza bastola kama kawaida, akakamatwa. Mahakama ikasema usiku ule silaha ilikuwa inafikika kwake, basi 926A haikumlinda, hata kama kukwama hakukuwa kosa lake. Mahakama hiyohiyo ikaeleza alichoweza kufanya: kuwafuata polisi wa uwanjani au wahudumu kabla ya kuchukua sanduku.

Kwa gari lililoharibika ni mantiki ileile. Kasha libaki limefungwa ndani ya gari, gari livutwe hadi gereji, na wewe uende hotelini bila kasha. Gereji ikikataa kulaza gari lenye silaha, mpigie wakili wa jimbo hilo kabla hujaligusa kasha. Ni usumbufu, lakini kulibeba begani hadi chumbani ndiko kunakobadilisha kesi.

Wanaotaka kupunguza hatari kabisa wapange malazi. Kutoka Louisville, lala Pennsylvania, kisha New York, Connecticut na Massachusetts uzikate mchana mmoja bila kulala. Jaza tangi Scranton.

---

#7 Kisiki_DFW

Nimewaelewa. Bastola inabaki Dallas safari hii. Lakini uzi uendelee, maana mwezi ujao kuna jamaa wanakwenda huko Maine. Naomba hatua za kufunga, moja baada ya nyingine.

---

#8 MzeeTrela

Fanya nyumbani au mahali halali, usifanye kwenye maegesho ya sheli.

Toa magazini kwanza. Vuta slaidi nyuma na kuifunga hapo, risasi ya chemba iruke. Tazama chemba kwa macho, halafu pitisha kidole kidogo ndani. Wanaokamatwa na bastola "tupu" mara nyingi walivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, kwa hiyo risasi mpya ikapanda palepale.

Magazini nazo zitolewe risasi zote. Watu hubisha hapa: "magazini imejaa lakini haiko kwenye bastola, kwani tatizo ni nini?" Tatizo ni New York. Sheria yao inaihesabu bastola kuwa imejazwa ikiwa mtu huyohuyo anayo na risasi zinazoweza kupigwa nayo. Hazihitaji kuwa ndani. Ukitoka nje ya ulinzi wa 926A kwa kosa dogo tu, unashtakiwa kana kwamba ilikuwa na risasi chembani, na hilo New York ni kosa kubwa lenye kifungo cha kuanzia miaka mitatu na nusu.

Kasha la bastola: gumu, kufuli halisi. Kasha la pili kwa risasi, nalo lina kufuli. Sheria haidai makasha mawili, lakini polisi akifungua moja tu akakuta kila kitu pamoja, maelezo yanakuwa marefu. Kwenye SUV weka nyuma kabisa, chini ya mizigo, na ulifunge kwa waya wa chuma kwenye ndoano za sakafu ili mwizi asiondoke nalo. Funguo zisiwe kwenye kasha, zisiwe kwenye droo ya dashibodi. Kaa nazo pamoja na za nyumbani.

Sasa magazini zenyewe. New York, Connecticut, Massachusetts, New Jersey na California zinaishia risasi 10. Colorado 15. Illinois 15 kwa bastola na 10 kwa bunduki ndefu. 926A inataja silaha na risasi, haitaji magazini. Kwa hiyo magazini ya 15 ikiwa tupu ndani ya kasha inaweza kukuletea shitaka lake peke yake. Wa Maine wanunue za 10 na kuziacha hizo kubwa nyumbani. Bei yake ni ndogo kuliko saa moja ya wakili.

---

#9 MamaSheria_MN

Mmeongea kama kila mtu humu ni raia. Ngoja niwaguse wengine, na naomba msinirukie.

Mwenye viza ya muda, iwe ya mwanafunzi, ya kutembelea, ya J-1 (mabadilishano) au hata H-1B (kazi), kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki silaha wala risasi. Msamaha upo, kama leseni halali ya kuwinda ya jimbo, lakini ni mwembamba. Aliyepo bila karatasi hana msamaha wowote. Adhabu yake inafika miaka 15. Na kumiliki hapa siyo kununua tu: kuishika na kuilenga kwenye uwanja wa shabaha kwa ajili ya picha kunaweza kutosha. Jimbo kusema "hatudai kibali" hakubadilishi chochote, kwa sababu kinachokataza siyo jimbo.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa kihalali hayumo kwenye katazo la viza. Lakini hapa ndipo penye moto. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Haisemi kosa kubwa. Haisemi mara ya pili. Kwa hiyo zile maili 12 za Hagerstown, kwa raia ni faini au jela, na kwa mwenye grini kadi ni safari ya kurudishwa Nairobi au Bujumbura.

Na msidanganywe na "kiri tu, utapewa probesheni, rekodi itafutwa". Uhamiaji wanahesabu kukiri pamoja na adhabu yoyote kuwa ni hukumu, hata kama jaji wa jimbo hakuiandika kuwa hukumu. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, wakili wako wa jinai anawajibika kukueleza athari za uhamiaji kabla hujakiri. Padilla mwenyewe alikuwa dereva wa lori mwenye grini kadi. Muulize wakili swali hilo kwa sauti, na asiyeweza kulijibu akuletee anayeweza.

Fomu ya uraia, N-400, inauliza pia kukamatwa, siyo hukumu peke yake.

Kingine: bangi. Hata kama jimbo lako limeihalalisha, fomu ya kununulia silaha, ile ya 4473, inaonya kwamba kwa sheria ya shirikisho mtumiaji ni mtu aliyekatazwa. Kadi ya bangi ya hospitali na bastola visikae pochi moja. Na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mwenzi wake, hata kwa kosa dogo, uzi huu haumhusu. Asiguse silaha.

---

#10 PopoBawa

Dada umetutisha. Kwa hiyo mwenye grini kadi asibebe kabisa?

---

#11 MamaSheria_MN

Ndani ya jimbo lake, akiwa na kibali cha jimbo hilo na amesoma maeneo yaliyokatazwa, ni haki yake. Kuvuka mipaka nayo ndiko ninakomshauri asifanye. Raia akikosea anamlipa wakili. Huyu anaweka rehani watoto na nyumba.

---

#12 Kwale_OH

Niongelee malori, maana nusu ya wanaosoma hapa wako barabarani.

Kanuni za shirikisho za usalama wa malori hazimkatazi dereva kuwa na silaha. Anayekukataza kwa kawaida ni kampuni, na makampuni mengi makubwa yanakataza. Hata mwenye lori lake, akibeba mzigo chini ya mkataba wa kampuni, asome mkataba. Halafu maghala: ua wa mteja ni mali ya mtu, wengi wana bango getini. Kambi za jeshi ni marufuku kabisa, na getini gari linapekuliwa.

Kichwa cha lori hakina buti, na kitanda chako cha nyuma kiko ndani ya kichwa hichohicho. Kasha chini ya godoro likiwa na kufuli linakidhi maneno ya sheria, lakini likiwa wazi halikidhi hata kidogo. Bora zaidi ni lile boksi la pembeni linalofunguliwa kutoka nje: kasha ndani yake, na mlango wa boksi nao una kufuli.

Tatizo la lori ni 926A yenyewe. Wewe huna ncha mbili. Leo unapakua Carlisle, Pennsylvania, kesho dispacha anakutuma Elizabeth, New Jersey. Ukipakua New Jersey, New Jersey ndiyo mwisho wa safari, na umeshatoka kwenye ulinzi. Kifungo cha chini kwa kubeba bastola bila kibali chao kinafika miezi 42 bila msamaha wa mapema, na risasi zenye tundu kwenye ncha (hollow point) zina shitaka lake kando. Dereva anayepokea mizigo ya kokote hawezi kuwa na bastola kihalali bila kukataa mizigo fulani. Aamue moja.

Illinois ina mlango mdogo unaofaa kujulikana, maana I-80, I-70 na I-55 zote zinapita humo. Haitambui kibali chako, lakini asiye mkazi anayeruhusiwa kubeba hadharani kwa sheria za jimbo lake anaweza kuwa nayo ndani ya gari lake. Akishuka, inabaki ndani, gari limefungwa, au kwenye kasha lililofungwa ndani ya gari. Haiingii dukani wala chooni pale sheli.

Mwisho, mipaka ya nchi. Detroit, Buffalo, Laredo, El Paso. Ukikosea njia ya kutokea ukaingia foleni ya daraja, mara nyingi hakuna pa kugeuzia. Mexico hata risasi moja ni kesi. Canada utaulizwa silaha kabla hujaulizwa jina. Ukijikuta kwenye foleni, mwambie ofisa wa kwanza ukweli kabla hajauliza.

---

#13 Lubumbashi207

Kwale, na shule je? Nimesikia barabara yoyote inayopita karibu na shule ni kosa.

---

#14 Nyundo

Karibu na kweli. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule. Mwenye kibali amesamehewa, lakini kibali hicho lazima kiwe kimetolewa na jimbo ambamo shule ipo. Soma tena. LTC ya Texas ikitambuliwa na Tennessee, bado haijatolewa na Tennessee. Na anayebeba bila kibali kabisa hana msamaha huo popote, hata jimboni kwake. Ukitoka barabara kuu kutafuta chakula mjini Knoxville unaweza kupita shule mbili bila kujua.

Kesi za mtu kushtakiwa kwa hilo tu ni nadra, mara nyingi linaongezwa juu ya kosa jingine. Lakini tiba ni rahisi: silaha tupu ndani ya kasha lenye kufuli haiguswi na kifungu hicho. Ndiyo maana hata kwa safari ya majimbo rafiki, napendelea kasha.

Ofisi za posta na majengo ya serikali ya shirikisho ni marufuku bila kujali kibali. Hifadhi za taifa, tangu 2010, zinafuata sheria ya jimbo kwa kuwa nayo, ila siyo ndani ya majengo yake. Maeneo ya makabila ya Wenyeji wa Amerika yana sheria zao, na barabara za Arizona, New Mexico na Oklahoma zinapita humo.

---

#15 Kisiki_DFW

Na polisi akikusimamisha? Kuna jimbo unasema, kuna jimbo unanyamaza?

---

#16 MzeeTrela

Ndiyo. Michigan, North Carolina na Alaska unatakiwa useme mwenyewe mara moja ukiwa umebeba. Texas unaonyesha LTC pamoja na leseni ya udereva ofisa anapodai kitambulisho. Maine ukibeba bila kibali ni vilevile, kama alivyosema Lubumbashi. Majimbo mengine mengi ni mpaka uulizwe, ila siyo yote.

Taratibu ni zilezile kila mahali: taa ya ndani iwake usiku, kioo chini, mikono juu ya usukani. Usitafute karatasi kabla hajafika dirishani. Ukiwa umebeba, sema "nina kibali na nimebeba, iko upande wa kulia kiunoni, nifanyeje?" Neno "bastola" lisiwe la kwanza kutoka mdomoni, na mkono usielekee inapokaa.

Ila ukweli hausafishi kosa. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa New Jersey na akamwambia polisi mwenyewe kwamba amebeba. Akashtakiwa kwa kosa lenye kifungo cha lazima. Ilichukua hadi Aprili 2015 kupata msamaha wa gavana Chris Christie. Kutoka Philadelphia ni daraja moja tu.

Usidanganye ukiulizwa. Kukubali upekuzi ni jambo jingine: unaweza kusema kwa heshima hukubali, halafu usimzuie akiendelea. Wakili atajadili baadaye.

---

#17 PopoBawa

Kuna jamaa anauza kozi ya Jumamosi, anasema ukipata kibali cha Utah au Florida cha asiye mkazi unabeba majimbo zaidi ya 30. Vipi?

---

#18 Nyundo

Vibali ni halali. Namba ndiyo tangazo la biashara. Majimbo 29 yalikuwa hayadai kibali kabisa kufikia mwisho wa 2024, kwa hiyo sehemu kubwa ya hiyo "30" unaipata hata bila kozi. Florida, Michigan na Colorado hazitambui kibali cha asiye mkazi: kibali kiwe cha jimbo unaloishi. Na Utah, ukiishi jimbo linalotambua kibali chao kama Texas, inataka kwanza uwe na kibali cha nyumbani. Hakuna kozi inayokufungulia New York, New Jersey, Maryland, Illinois au California. Anza na kibali cha jimbo lako. LTC ya Texas ada yake ni dola 40 pamoja na darasa la saa chache.

---

#19 Kisiki_DFW

La mwisho kabla sijafunga. Ndege.

---

#20 MzeeTrela

Mzigo wa chini tu. Bastola tupu, kasha gumu lisiloweza kubanduliwa pembeni hata likiwa limefungwa, ufunguo kwako. Unaitangaza kaunta, unasaini kadi, unasubiri eneo hilo mpaka uambiwe mzigo umepita. Risasi kwenye boksi lake la kiwandani au la kazi hiyo, na uliza shirika la ndege kikomo cha uzito. Kwenye begi la mkononi ni faini ya maelfu ya dola hata usiposhtakiwa. Mwaka 2024 pekee TSA, wakala wa usalama wa viwanja vya ndege, ilikamata silaha 6,678 kwenye vituo vya ukaguzi, nyingi mno zikiwa na risasi, na maelezo ya wengi ni "nilisahau".

Usiunganishe ndege JFK, LaGuardia wala Newark. Watu wamekamatwa kaunta pale wakiwa wametangaza vizuri kabisa.

Na hilo la kusahau: begi la kwendea shabaha lisiwe begi la kwendea Nairobi au Dar. Kenya risasi bila cheti ni kosa hata bila bunduki, na Tanzania nayo ina sheria yake ya silaha na risasi ya 2015. Risasi moja inajificha kwenye mshono wa mfuko wa pembeni, mashine ya Dallas inaipita, ya Nairobi inaiona. Begi la shabaha liandike kwa maka, lining'inie gereji.